Siku Tatu Bila Falaji

Wamelifunga falaji alfajiri, hapa Birkat al-Mauz,
wameziba kwa magunia ya udongo kule juu linakotokeza,
nami nimetumwa na fomu:
jina la mkondo, joto la maji, idadi ya samaki.
Nafasi ya kuandikia idadi ni ndogo kama ukucha.

Maji huondoka kwa adabu.
Kwanza yanaachia ukingo, unabaki mstari wa kijani,
kisha konokono, mmoja mmoja, wanajifungia mlango,
kisha wale wadudu watembeao juu ya maji
wanagundua kuwa chini yao kumbe pana sakafu.
Kereng'ende mwekundu anarudi mara tatu
pale alipozoea kuchovya mkia.
Anachovya saruji.

Bibi yangu, aliyezaliwa Wete akazikwa Nizwa,
hakuwahi kutia mguu humu.
Konokono kwake ni kichocho, basi, hakuna mjadala.
Aliketi hapo juu, kanga kaikusanya magotini,
akitutazama sisi tukidonolewa vidole na samaki
kama anayetazama watu wakicheza kamari.

Samaki wenyewe hawakifikii kidole cha kati.
Wana rangi ya chai ya rangi,
midomo iko chini, ya kulambia mawe.
Magaga ya miguu yetu waliyala bure.
Binamu yangu Thuwaiba kalipa dirhamu hamsini Dubai,
ndani ya duka lenye theluji ya mashine,
kwa robo saa ya jambo hilohilo.
Alinitumia picha. Nikamjibu: wasalimie jamaa.

Saa nne, falaji limekuwa vidimbwi.
Thelathini kwenye kona ya hamamu ya wanawake.
Kumi na tisa chini ya kidaraja cha migomba,
na chura mmoja aliyekataa kuwemo kwenye fomu.
Nilipofika mia mbili na kumi na mbili
kivuli changu kikaangukia majini:
wote wakawa mmoja, wakawa tope,
nikapoteza hesabu.

Ndipo akaja Shofiqul na kopo la samli.
Kwao Noakhali. Mwaka wa kumi na moja huu anasafisha falaji,
na Kiarabu chake na changu hukutana kwenye vidole.
Usiku, wenye zamu za maji wamelala,
alijenga boma la mawe chini ya ukuta uliobomoka,
akabakiza maji ya kimo cha kisigino,
juu yake akatandika makuti ya mtende, kukinga jua.
Hakuna aliyemwagiza.
Anazoa kwa viganja: samaki, matope,
viluwiluwi vilivyokwisha kuota miguu miwili.
Hachagui. Hata konokono.
Samahani, Bibi.

"Maji yakimwagika hayazoleki," ulikuwa ukisema
kila ulipoulizwa habari za nyumba ya Wete,
na mazungumzo yakaishia hapo, na kahawa ikaja.
Haya, njoo uyaone yanavyozoleka:
kopo kwa kopo, yakivuja kwenye tundu la msumari,
na mwanamume anayetembea upesi
kidole gumba kakibandika tunduni.

Siku ya tatu wakaondoa magunia.
Maji yakaja yakisukuma taka mbele: majani,
kizibo cha chupa, ndala ya mtoto,
yakalamba saruji, ikapanda harufu ya mvua
ambayo haikunyesha.
Shofiqul akalivunja boma lake kwa teke moja.

Nilidhani watateremka nayo.
La. Waligeuza vichwa wote kwa pamoja
kuelekea mlimani, kwenye giza, kwa mama wa falaji,
wakasimama palepale,
wakipiga mikia kwa nguvu zao zote
ili wasiende popote.

Kwenye fomu, katika nafasi ya ukucha,
niliandika: wapo.